Uji Usioonjwa Kwanza

Nimefanya kazi nyingi maishani, nyingine ngumu kuliko ile, lakini hakuna inayonipandisha mori kama ile ya kugawa uji. Hata leo, mtu akisema mbele yangu kwamba utafiti umeonyesha hiki au kile, damu hunichemka kabla hajamaliza sentensi. Huwa nataka kujua utafiti huo ulifikaje mlangoni kwa watu, nani alikuwa ameshika kikombe, na nani ofisini aliujua ukweli akanyamaza. Binti yangu huniambia nimezeeka vibaya. Sawa, nimezeeka vibaya, lakini nina sababu.

Ilikuwa hapa Bujumbura, wakati wa vita. Sisemi ile miaka ya mwanzo, mitaa ya kaskazini ilipofukuzwa watu wake ikabaki kuta tupu. Nasema baadaye, watu walipokuwa wamerudi Kinama wakaezeka upya kwa maturubai na mabati ya kuokoteza, na vikwazo vya nchi jirani vimelegea, ingawa petroli bado ilisakwa kwa kujuana. Mimi nilikuwa binti wa Buyenzi, mtaa wa Waswahili, mtoto wa fundi wa magari. Nilikuwa nimesoma uchumi Chuo Kikuu mpaka masomo yakakatika, nikarudi nyumbani kumsaidia mama kukaanga sambusa. Ndipo nikasikia kwamba kiwanda kimoja cha unga kinatafuta vijana waliosoma kidogo, wa kwenda kwa watu kuwauliza maswali. Mjini tuliita ankete.

Kiwanda kile kilisaga unga wa uji wa mahindi, mtama na soya. Maziwa yalikuwa yamegeuka kitu cha wakubwa, kwa hiyo watoto wengi wa mji huu walikua kwa unga ule. Upande wote wa kaskazini kulikuwa na depo moja tu ya kuuzia unga huo, Kinama, na depo hiyo ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba ya shangazi yangu.

Lazima nimweleze shangazi, maana bila yeye hasira yangu haieleweki. Alikuwa dada mkubwa wa baba yangu. Aliolewa Kinama na mwashi, na vita vilipoanza mume wake alitoka asubuhi kwenda kazini asionekane tena, wala hakuna aliyetuonyesha kaburi. Shangazi akakimbilia kwetu Buyenzi. Alikaa miaka katika chumba kimoja na mimi, na katika miaka hiyo nilimwona mwanamke wa sauti kubwa akijifunza kunong'ona. Hakuna aliyemnyanyasa. Mama alimpenda, baba alimheshimu. Lakini alikuwa mtu wa kupewa, na hilo lilimla ndani. Alipopata habari kwamba Kinama sasa panakalika, alifunga mzigo wake siku hiyohiyo. Akaiomba depo, akapewa, na nilipomtembelea mara ya kwanza nilimsikia tangu kona ya barabara akiwagombeza wanawake wa mtaa jirani wa Carama kwa kukanyaga unga. Nilicheka peke yangu njiani. Depo ile haikuwa duka tu kwake, ilikuwa ndiyo iliyomrudisha nyumbani.

Sasa kiwanda kilitaka kujua kama depo ile iendelee kuishi.

Swali lenyewe lilikuwa la haki, nalikubali mpaka leo. Kiwanda kilikuwa na lori moja lililo zima na petroli ya kuungaunga. Lori lingeweza kupeleka unga kaskazini, Kinama, ambako watu wa Cibitoke na Carama nao huja kuchukua, au lingeweza kwenda mitaa ya kusini. Kote kuwili halikuweza. Wakubwa wakajiuliza: je, watu wa kaskazini wanaupenda uji wetu, au wanaununua kwa sababu hawana kingine? Wakiupenda, depo inabaki. Wasipoupenda, lori linageuza njia. Biashara yoyote yenye akili huuliza swali kama hilo kabla ya kuamua, na inauliza kwa watu, haibahatishi. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa darasani na hivyo ndivyo ninavyoamini bado.

Aliyesimamia kazi alikuwa mkuu wa biashara wa kiwanda. Tulimwita shefu. Alikuwa mtu wa hapahapa, mzaliwa wa milimani huko ndani, aliyesomea ng'ambo akarudi na suti nyepesi na Kifaransa cha kupiga pasi. Siku ya kwanza kabisa nilimwendea nikamwambia kwamba mwenye depo ya Kinama ni shangazi yangu, dada ya baba, ili asije akalisikia kwa wengine. Alicheka akasema katika Bujumbura hii nani si ndugu wa nani, akaniandika kazini.

Kupanga utafiti walimleta mtaalamu kutoka Ulaya. Huyo sina ugomvi naye mkubwa. Alikuwa mzee mpole mwenye mafua yasiyoisha, na kazi yake aliijua. Alitufundisha tuchague nyumba kwa kuruka, tusiende kwa tunaowajua. Alitufundisha kuuliza bila kumsukuma mtu kwenye jibu, tusitikise kichwa, tusisifu. Tungebeba uji uliopikwa kiwandani, ukiwa moto ndani ya thermosi, tumpe kila mwenye nyumba kikombe, kisha tutie alama mahali pamoja kati ya matatu: amemaliza, amebakiza, hakupenda. Asiyegusa kikombe anahesabiwa hakupenda. Halafu akatoa kanuni aliyoirudia mara mbili, akiwa ameinua kidole: mgawaji asinywe. Ukinywa mbele ya mtu, alisema, umeshamwambia kwamba ni kitamu, na jibu lake halina maana tena.

Tulitazamana, sisi vijana wote. Kila Mrundi aliyekuwa chumbani alijua tunaambiwa nini.

Kwetu anayetoa kinywaji hunywa kwanza. Kirundi kina neno lake, gusogongera: mwenye kutoa anapiga funda mbele ya macho yako, ndipo anakupa. Hufanywa arusini na msibani, hufanywa kwa pombe na kwa maji. Chupa ya soda hufunguliwa ukiitazama. Maana yake inajulikana bila kuelezwa: humu hamna sumu, na kama imo, tufe wote. Hayo yalikuwapo kabla ya vita. Vita vilipokuja, majirani walipogeukana na kila msiba ukatafutiwa mtu aliyemlisha marehemu, ndugu yangu, hata mama mkwe hakunywa chai ya mkwewe kabla hajaona imepungua kikombeni. Sasa mgeni asiyejulikana anafika mlangoni Cibitoke na thermosi, anamimina kikombe kimoja, anakupa, na yeye mwenyewe anasimama kukutazama!

Na mtaalamu aliuliza. Hapo ndipo hasira yangu inapoanzia. Aligeuka kwa shefu akamwuliza, kwa heshima, kama kuna desturi yoyote ya watu hawa kuhusu chakula na vinywaji ambayo yeye mgeni angepaswa kuijua kabla ya kuanza. Lilikuwa swali la mtu mwenye akili. Shefu alinyoosha tai yake akajibu kwamba hapana, watu wetu ni kama watu wengine wote, wanapenda kitu kizuri. Nilidhani amesahau. Nikangoja akumbuke. Hakukumbuka, kwa sababu hakuwa amesahau.

Tukaanza Cibitoke. Nyumba ya kwanza nilimkuta mama mmoja aliyesukwa nywele nusu, msusi wake ameondoka kwenda kuchota maji. Alinikaribisha vizuri, akanipa kigoda. Nikaeleza habari zangu, nikamimina uji, nikampa. Aliupokea kwa mikono miwili na kushukuru. Kisha akakaa nao, akaniangalia. Nami nikamwangalia. Mvuke ukapanda kati yetu. Alikuwa akinisubiri mimi, na mimi, kwa kanuni ya kazi, nilikuwa nikimsubiri yeye.

Mwishowe akasema kwa upole, "We kunywa kwanza, mama."

Nikamjibu kwamba siruhusiwi. Akauliza nani ananikataza. Nikasema ni kazi, na nilipojisikia nikisema hivyo nilitamani ardhi inimeze. Aliweka kikombe chini karibu na mguu wa kigoda, taratibu, asinivunje moyo, akasema atakunywa baadaye, kipoe kidogo. Akaniuliza mimi mtoto wa nani, wa wapi. Nikamwambia wa Buyenzi. Akatikisa kichwa, akanisogezea kile kikombe.

"Mi sikatae uji, usichukie. Uji ni muzuri, naona. Mi nakataa kunywa peke yangu. Siku hizi mutu hanywi peke yake kitu cha mugeni."

Niliporudi barabarani niliumimina ule uji mferejini. Nyumba ya pili nikapokelewa vilevile, ya tatu vilevile. Mahali pengine waliniita mwanangu, wakanipa ndizi za kuchoma niende nazo, na kikombe kikabaki kimejaa. Watu wa Bujumbura hawamfukuzi mtu mlangoni, na heshima yao ndiyo iliyozidi kuniumiza. Wenzangu nao walirudi na habari hiyohiyo. Tofauti ni kwamba wao walitia alama kwenye hakupenda, kama kanuni ilivyosema. Mimi niliandika pembeni kwa kalamu: hakuonja.

Jioni ilikuwa bado mbali lakini amri ya kutotoka nje ilitufanya wote tuwe na haraka, na mtaalamu alikuwa amesharudishwa hotelini. Nikamfuata shefu. Nilimwambia kwa adabu kwamba kutokuonja na kutokupenda ni vitu viwili. Mtu asiyeonja hajasema lolote kuhusu uji, amesema kuhusu mgawaji. Nikaomba ama turuhusiwe kupiga funda kwanza, ama iongezwe alama ya nne. Jambo dogo kabisa. Hata mtoto wa darasa la kwanza anaelewa kwamba huwezi kusema supu ni mbaya kwa sababu hukuila.

Alinivuta pembeni, nje ya ofisi, wenzangu wasisikie, akaacha Kifaransa.

"We mutoto, unataka tumuambie muzungu kama watu wetu wanaogopa kulishwa sumu? Atatuona watu wa namna gani?"

Nikamwambia atatuona watu wa namna tulivyo, wenye vita. Akasema karatasi zimeshachapwa, na karatasi yenyewe haipatikani mjini, kwa hiyo niache ubishi nifanye kazi. Alisema hayo akitabasamu. Sikumpiga kwa kuwa nililelewa.

Usiku ule nililala na hasira kama mtu aliyelala na viatu. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mtu huyu alikuwa tayari kiwanda kifanye uamuzi wa kipofu, watoto wa kaskazini kote wakose uji, ili tu mgeni mwenye mafua asijue kwamba Warundi huonja kwanza. Na kitu chenyewe hakikuwa cha aibu! Ni desturi ya heshima, ya kubeba hatari pamoja na mgeni wako. Yeye ndiye aliyeifanya aibu kwa kuificha.

Siku ya Kinama ilipofika, shefu alikuwa ameshampanga mwenzangu mwingine, kwa sababu alisema mimi nina ndugu kule. Lakini risasi zilikuwa zimesikika upande wa Carama, na yule mwenzangu akasema mama yake amemkataza. Mwingine akasema anaumwa tumbo. Nikabaki mimi. Shefu alinipa thermosi bila kunitazama, akanikumbusha kanuni.

Sikuifuata. Na sijuti hata chembe. Nyumba ya kwanza, mbali na kwa shangazi, nilimimina vikombe viwili. Nikasema bismillahi, nikanywa changu mpaka nusu, ndipo nikatoa cha pili. Mwanamke alicheka, akapokea, akanywa. Akamwita mwenzake wa nyumba ya pili, naye akaja na watoto. Mpaka adhuhuri tumbo langu lilikuwa ngoma, na thermosi zote tupu.

Na watu wakaanza kusema. Ndipo nilipoona utafiti ni kitu gani kikifanywa sawasawa. Hawakuusifu tu uji. Mzee mmoja alisema soya imezidi, inanuka maharage mabichi. Mama mwenye mapacha alisema ni mzuri lakini mfuko ni mkubwa mno, apimiwe kwa kikombe cha kutosha siku moja, kwa sababu unga mwingi ndani ya nyumba unavutia wenye bunduki. Ni jambo ambalo mkubwa yeyote wa kiwanda angelala macho wazi asilifikirie. Wanawake wa Carama waliniambia wanaufuata kwa miguu, wanakatisha mashamba kukwepa kizuizi cha wanajeshi, na wasingejisumbua hivyo kwa kitu wasichokipenda. Niliyaandika yote, mabaya na mazuri, na juu ya karatasi nikaandika wazi kwamba mimi nilionja kwanza. Niliporudi mjini nilikuwa na furaha ya kijinga. Nilidhani ukweli ukishaandikwa, umeshinda.

Matokeo yalisomwa katika chumba cha mikutano cha kiwanda, mtaalamu mbele, shefu kando yake, na sisi tumejipanga ukutani. Mtaalamu alieleza kwamba kaskazini uji umekataliwa karibu kila nyumba. Kisha akasema kuna karatasi za Kinama zinazosema kinyume kabisa, lakini ameziondoa, kwa sababu msichana aliyezijaza amekiri kwamba alikunywa mbele ya watu. Kwa lugha yake, takwimu hizo zilikuwa zimechafuka. Siku moja tu ya ukweli katika kazi nzima, na hiyo ndiyo iliyoitwa chafu.

Nikasimama. Niliongea Kifaransa changu cha Chuo. Nilimweleza mtaalamu kwamba hawakuonja kwa sababu sisi hatukuonja, kwamba hapa kwetu anayetoa hunywa kwanza, na kwamba wakati wa vita desturi hiyo imekuwa kinga ya mtu. Nikamwambia vikombe vilivyojaa havikuwa jibu kuhusu uji. Mzee yule alivua miwani. Naona bado uso wake. Alikuwa ameelewa kwamba kuna kitu, na alifanya lililo sahihi tena: aligeuka kwa shefu akamwuliza kama ni kweli.

Wakati huohuo tarishi alikuwa ameingia na soda. Alisimama mbele ya shefu, akamwonyesha chupa ikiwa na kizibo chake, akaifungua pale pale machoni pake, kama ifanywavyo kila siku. Shefu akafuta mdomo wa chupa kwa kiganja. Kisha akamjibu mtaalamu kwamba hizo ni imani za vijijini, mjini zilikwisha zamani.

"Na hii chupa, kwa nini imefunguliwa mbele yako?" nikamwuliza.

Nilimwuliza kwa Kiswahili, kwa kuwa hasira haina Kifaransa. Chumba kizima kilisikia, na tarishi akaganda na kifungulio mkononi. Mtaalamu akauliza nimesema nini. Shefu, bila haraka, akamwambia kwamba shangazi wa huyu binti ndiye mwenye depo ya Kinama, na binti ana uchungu wa familia. Basi. Jambo nililomwambia mwenyewe siku ya kwanza, kwa uaminifu, ndilo alilolichomoa kunichinjia. Mtaalamu akarudisha miwani yake. Aliniangalia kwa huruma, na huruma ile ilinichoma kuliko tusi, maana ilikuwa ya mtu ambaye ameshaacha kunisikiliza. Wenzangu walitazama viatu vyao, hata yule wa tumbo.

Nikafukuzwa siku ile. Hilo si kitu, kazi huja na kwenda. Uamuzi ukatoka kwamba lori liende kusini na depo ya Kinama ifungwe.

Nilikwenda mwenyewe kumwambia shangazi, sikutaka asikie kwa dereva. Alikuwa akifagia unga uliomwagika. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaegemea ufagio. Nilitegemea alie au awatukane, nami nilikuwa tayari kutukana pamoja naye mpaka koo likauke. Aliuliza tu kama watu waliulizwa. Nikasema ndiyo, waliulizwa. Akasema basi, na akaendelea kufagia.

Siku ya kufunga, shefu alikuja mwenyewe na lori kuchukua mizani, kibao na magunia yaliyobaki. Nilikuwapo. Alishangaa kuniona, akasalimia kama vile hatujawahi kukosana. Shangazi hakumwacha asimame mlangoni. Mgeni ni mgeni. Alimpa kiti pekee kilichokuwa na mgongo, akaenda uani, akapika uji wa unga uleule, akaja na kikombe kwenye sahani. Akasimama mbele yake, akapiga funda moja, akafuta ukingo, akampa kwa mikono miwili.

Na yule mtu akanywa. Hakusita, hakuuliza, alikunywa huku wapakiaji wakipita na magunia kwa nyuma yake, mpaka akainua kikombe juu kupata tone la mwisho. Akasema kwamba ni mzuri sana, kwamba hajapata kuunywa ukiwa umepikwa hivi. Shangazi akauliza kama aongezwe. Akakubali aongezwe.

Niliona giza. Nikamwambia, "Shefu, andika. Amemaliza."

Alinitazama juu ya kikombe. Alielewa, sina shaka alielewa, kwa sababu shingo yake ilibadilika rangi. Lakini shangazi ndiye aliyenigeukia, na sauti yake ilikuwa ile ya zamani, kubwa, ya kugombeza.

"Apana. Mu nyumba yangu mugeni hatukanwi. Ukiwa na yako mambo naye, mumalizie kule ofisi."

Akamwongeza uji, akaonja tena kabla ya kumpa, akangoja amalize. Shefu alishukuru, akapanda lori. Lilipoondoka, mizani ikigonga juu ya magunia, wanawake wawili wa Carama walikuwa wanafika na mifuko yao mitupu wameizungushia kichwani. Shangazi aliwaeleza mwenyewe. Walimuuliza sasa waende wapi, akawaambia mjini. Walitazama njia waliyotoka, wakakaa kidogo kwenye ngazi kupumzisha miguu, wakarudi.

Hadi leo sijamsamehe yule mtu. Nimesikia alipanda cheo, kisha akaenda kuishi ng'ambo. Mtaalamu nimeshamsahau, naye pengine ametusahau. Lakini yule alijua. Alijua kwa ulimi wake mwenyewe, na bado akaacha karatasi ziseme uongo kwa niaba yake, ili mikono yake ibaki safi.

Shangazi alijaribu kubaki Kinama. Aliuza nyanya, aliuza makaa, lakini depo ndiyo iliyokuwa ikiwaleta watu, na bila watu hapakuwa na cha kuuza. Mwisho alituma habari kwamba anakuja. Tukamsafishia chumba, mama akapika pilau. Baba alivaa kanzu ya Ijumaa ingawa haikuwa Ijumaa, akasimama mlango wa mbele kumpokea dada yake mkubwa, mbele ya majirani, kwa heshima zote. Shangazi alimwona tangu mbali. Alipofika kwenye ua alipinda, akazunguka nyumba na mzigo wake kichwani, akaingia kwa mlango wa jikoni.